Majina ya kahawa: lipi la mlima, lipi la bandari, lipi la chekecheo

Swali: Shikamoo mwalimu. Nauza kahawa ya dele hapa Mikindani, kazi niliyoirithi kwa baba. Miaka yote tumenunua buni sokoni bila kuuliza imetoka wapi. Mwezi uliopita nilipata mifuko mitatu ya kilo moja moja, mmoja umeandikwa Kilimanjaro, mwingine Mbinga, wa tatu Bukoba. Nikakaanga yote, nikatwanga, nikachemsha. Wazee wa kijiweni wakasema ile ya Bukoba ndiyo kahawa, hizo nyingine mbili ni maji ya uchachu. Wiki hiyohiyo mgeni akaniuliza kama ninayo Mocha, mwingine akataka AA, wa tatu akataka piberi. Je, haya ni majina ya ladha, ya mahali, au ni ya kuuzia tu? Na inakuwaje kahawa za nchi moja zipishane hivi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umenitajia majina sita, na utata wote uko hapo, kwa sababu hayajibu swali moja. Kilimanjaro, Mbinga na Bukoba yanajibu imetoka wapi. AA inajibu punje ni kubwa kiasi gani. Piberi inajibu punje ina umbo gani. Mocha linategemea nani amelitamka: kwa mmoja ni bandari, kwa mwingine ni kinywaji chenye chokoleti. Kwa hiyo ukisikia jina la kahawa, jiulize kwanza linajibu swali gani. Ladha tutaifikia, lakini haisomeki kwenye jina moja kwa moja.

Nakushukuru kwa kunitumia vile vipakiti: vitatu vya buni mbichi, vitatu vya ile uliyokwisha kukaanga. Bila hivyo ningekujibu kwa kubahatisha. Nilivimwaga kwenye sahani nyeupe dirishani, mbichi juu, zilizokaangwa chini. Mbichi zilijieleza zenyewe. Za Bukoba ni ndogo, za kuviringana, rangi ya udongo, na ule mfereji wa katikati umenyooka. Za Kilimanjaro na Mbinga ni bapa, ndefu kidogo, kijani cha kuelekea samawati, na mfereji wake umepinda kama herufi S. Mstari wa chini ndio ulionisimamisha. Zote tatu nyeusi. Nikachukua punje moja ya Mbinga, nikaipasua kwa ncha ya kisu. Nje ni mkaa, ndani rangi ya mchanga wa ufukweni. Hapo nikajua uchachu wa wazee wako umetoka wapi. Nitaurudia, maana ndio ulioniudhi kuliko yote: kahawa imehukumiwa kwa kosa ambalo si lake.

Tuanze na Bukoba. Wazee hawajakosea kuiona ni kahawa nyingine, kwa sababu ni mmea mwingine. Biashara ya kahawa duniani imesimama juu ya miti miwili, arabika na robusta. Ni ndugu lakini si pacha: arabika ina kromosomu 44, robusta 22. Arabika ina kafeini kama asilimia 1.2 ya uzito wa punje, robusta kama asilimia 2.2. Kafeini yenyewe ni chungu, ni silaha ya mti dhidi ya wadudu. Robusta ina sukari kidogo na mafuta kidogo, kwa hiyo kinachobaki mdomoni ni uzito, uchungu, na harufu ya karanga zilizokaangwa zikapitiliza. Sasa fikiria dele lako juu ya mkaa tangu alasiri hadi baada ya Isha. Arabika ikikaa motoni muda huo harufu yote imekwisha kupaa na kilichobaki ni uchungu mwembamba. Robusta huvumilia, tena huzidi kukaza. Mdomo uliolelewa na kahawa chungu ya dele na kipande cha kashata hauwezi kuona vingine: robusta ndiyo kahawa.

Na robusta ya Kagera ina heshima yake. Ukitazama kitabu, robusta ni mti wa mabondeni na joto. Lakini maji ya Ziwa Victoria yenyewe yapo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hakuna mrobusta wa Bukoba uliosimama chini ya hapo. Ni robusta ya juu. Wahaya walikuwa na kahawa kabla mmisionari yeyote hajafika na mche: tunda huchemshwa na majani ya kunukia, likakaushwa, likatafunwa, na mgeni hukaribishwa kwa amwani, yaani buni hiyo ya kutafuna, kama sisi tunavyokaribisha kwa kikombe. Katika undugu wa kuchanjana, wawili waligawana punje mbili za tunda moja. Mimi sijui kahawa nyingine duniani iliyobeba maana nzito hivyo. Ila tahadhari moja: mkoa wa Kagera unalima pia arabika, kwa mfano upande wa Karagwe, kwa hiyo mfuko ukiandikwa Kagera tu, uliza ni mti gani.

Robusta nyingi ya huko hukaushwa na ganda lake, ndiyo inayoitwa kahawa ya maganda. Tunda zima linaanikwa juani hadi liwe gumu, ndipo linakobolewa. Ladha ya ganda huingia kwenye punje, ndiyo maana unapata ile harufu ya mbao na udongo. Hilo nalo ni kazi ya mkono, halikutoka ardhini.

Kilimanjaro na Mbinga zote ni arabika, na za mfuko wako zote zimeoshwa. Tunda jekundu linamenywa siku ileile lililochumwa, punje zenye utelezi zinalazwa kwenye tangi zichachuke siku moja au mbili, zinaoshwa, kisha zinaanikwa kwenye vichanja hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 11 hivi. Utelezi ukishaondoka, kinachosikika kikombeni ni punje yenyewe, na punje yenyewe imejengwa na baridi.

Hesabu yake ni rahisi. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua karibu nyuzi 0.6. Wewe Mikindani unakaa usawa wa bahari. Mkulima aliye mita 1,500 anaishi kwenye hewa iliyo pungufu kwa nyuzi tisa. Usiku anajifunika blanketi mbili, na mti wake nao unapunguza mwendo. Tunda linachelewa kuiva, punje inakaza, inahifadhi sukari na zile asidi za matunda. Ndiyo maana punje ya juu ukiitupa mezani inalia kama kokoto. Shusha mti huohuo chini, kwenye joto, tunda litaiva haraka na punje itakuwa laini, ladha bapa, na ugonjwa wa kutu ya majani utaumaliza mti wenyewe kabla hujachuma mara nyingi.

Hapa Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo nataka uyatenganishe kabisa: ukali na uchachu. Ukali ni wa ndimu, wa chungwa la asubuhi, wa embe dodo ambalo bado siku mbili liive. Unachangamsha mdomo na kuondoka. Uchachu ni wa uji uliolala, au wa kitu kibichi kilichobanwa. Kahawa ya mlimani inatakiwa iwe na ukali. Ikiwa na uchachu, kuna aliyekosea njiani: ama ilichachushwa kupita kiasi, ama ilikaangwa vibaya.

Kuhusu tofauti ya Kilimanjaro na Mbinga, nilikaanga upya kiganja cha kila moja, taratibu, kisha nikaonja kama tulivyokuwa tukionja Moshi nilipofanya kazi ya uonjaji: gramu 8 za unga usio laini sana, mililita 150 za maji yaliyotoka tu kuchemka, dakika nne bila kugusa, kisha unapasua utando wa juu kwa kijiko huku pua iko juu ya kikombe. Baadaye unavuta kijiko kwa kelele, kahawa itawanyike mdomo mzima. Kilimanjaro yako ilikuja na harufu ya majani makavu ya chai, ukali wa chungwa, na mwisho safi, haikai ulimini. Mbinga ilikuwa nzito zaidi kidogo, utamu wa sukari guru, na ilipopoa ikatoa kitu kama zambarau iliyoiva ikaanguka yenyewe. Nilipoipata hiyo zambarau niliweka kijiko chini nikakaa kidogo. Kwa mifuko hii miwili, mimi ningechagua Mbinga. Usichukue hiyo kuwa sheria, maana ndani ya Mbinga yenyewe kijiji na kijiji havilingani, na mfuko wa mwakani utasema yake.

Tofauti hizo zina sababu. Kilimanjaro, kahawa ilipandwa Kilema na wamisionari wa Kikatoliki mwaka 1898, ikaingia vihambani, yaani mashamba ya nyumbani, chini ya migomba, kwenye udongo wa volkano, ikinyweshwa kwa mifongo, ile mifereji ya Wachagga. Mbegu za kale huko ni Bourbon, iliyoitwa kwa jina la kisiwa ambacho leo ni Réunion, na Kent, iliyochaguliwa India kwa sababu ilistahimili kutu ya majani. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, na mwaka 1933 kikawa chama cha ushirika cha KNCU. Umatengo ni nchi nyingine: vilima vya Mbinga juu ya Ziwa Nyasa, udongo usio wa volkano ya Kilimanjaro, mvua ya msimu mmoja mrefu na kiangazi kirefu cha baridi wakati wa kuvuna na kuanika. Wamatengo ni wale waliobuni ngoro, yale mashimo ya mteremkoni yenye matuta pande zote yanayozuia udongo usishuke, ambamo hupanda mahindi na maharage. Watu waliojifunza kushika udongo wao namna hiyo, kahawa kwao ilikuta mikono tayari. Nami sifichi upendeleo wangu, hawa ni jirani zetu. Ukitoka Mtwara ukapita Masasi, Tunduru na Songea, barabara inakufikisha.

Kuna jambo kuhusu jirani hawa linaloniuma. Kule Japani, kahawa ya Tanzania inapendwa sana, na inauzwa kwa jina moja: Kilimanjaro. Kanuni ya wauza kahawa wa huko inaruhusu arabika ya Tanzania kuitwa Kilimanjaro, isipokuwa ile ya Bukoba. Yaani mkulima wa Mbinga au wa Mbozi, ambaye hajawahi kuiona ile theluji kwa macho yake, kahawa yake inanyweka Tokyo kwa jina la mlima ulio kona nyingine ya nchi. Tena kahawa ya mchanganyiko inaweza kubeba jina hilo ikiwa angalau asilimia 30 yake ni hiyo kahawa. Jina kubwa lilifungua mlango, sikatai. Lakini limemeza majina ya wengine, na mnunuzi aliyependa ile zambarau hana namna ya kuifuata hadi Umatengo.

Waethiopia waliliona hilo mapema. Mwaka 2005 walipeleka maombi Marekani kusajili Yirgacheffe, Harar na Sidamo, majina ya sehemu zao za kahawa, kuwa alama za biashara za nchi yao. Yalizuka mabishano makubwa yakihusisha kampuni ya Starbucks, na mwaka 2007 wakafikia makubaliano. Walipigania majina kwa sababu majina hayo yana ladha ndani yake. Yirgacheffe iliyooshwa hunukia maua, ukiivuta unadhani mtu amepita na kikuba cha asumini. Harar hukaushwa na ganda lake, na inakuja na utamu wa matunda makavu, karibu na tende iliyolala kwenye mvinyo. Nchi moja, mti mmoja wa arabika, na arabika asili yake ni misitu ya huko huko kusini-magharibi mwa Ethiopia, lakini vikombe viwili ambavyo hata mtoto atavitofautisha.

Sasa nikujibu kuhusu Mocha, kwa sababu lina hadithi yetu ndani yake. Al-Mukha ni bandari ya Yemen, kwenye Bahari ya Shamu. Kwa karne nyingi kahawa iliyokwenda kwa Wazungu ilipitia huko, na wao wakaiita kwa jina la bandari, kama vile mtu wa bara angeita samaki wote wakavu "Mtwara" kwa kuwa lori limetokea huku. Kahawa ile ilikuwa na harufu ya kukumbusha kakao, na baadaye jina likahama kabisa: leo kwenye migahawa Mocha ni kahawa, maziwa na chokoleti. Huyo mgeni wako, nakuhakikishia, alitaka chokoleti. Sisi pwani tulichukua neno kwa mlango mwingine. Waethiopia husema buna, Waarabu husema bunn kwa punje na qahwa kwa kinywaji, nasi tukapata vyote viwili, buni na kahawa. Kwa hiyo unaposema "kaanga buni unipikie kahawa", umeshatumia maneno mawili yaliyosafiri kwa jahazi.

Majina ya bandari ni mengi. Santos ya Brazili ni bandari, na kahawa yake huwa tulivu, ya karanga, isiyo na ukali, kwa sababu hulimwa chini zaidi na nyingi hukaushwa na ganda. Java ni kisiwa, Waholanzi walipeleka miche huko mwishoni mwa karne ya 17, jina likawa maarufu hadi Wamarekani wakaita kahawa yoyote java. Kisha kutu ya majani ikateketeza arabika ya huko katika karne ya 19, sehemu kubwa ikapandwa robusta, lakini jina likabaki palepale. Mandheling ya Sumatra ni jina la watu, Wamandailing, na ladha yake nzito ya udongo wenye mvua inatokana na desturi ya kukoboa punje ingali mbichi na majimaji. Ukiikoboa ya Mbinga namna hiyo, nayo ingebadilika sura.

Kundi jingine ni majina ya mbegu, na hapa Tanzania ina sehemu kubwa kuliko tunavyojisifia. Kahawa ya Kenya inasifiwa kwa ukali wake mzito wa matunda, na mbegu inayotajwa kwanza ni SL28. Ilichaguliwa miaka ya 1930 kwenye maabara ya Scott huko Kenya, lakini mti wenyewe ulitokana na kahawa iliyostahimili ukame iliyokutwa Monduli, hapa kwetu, mwaka 1931. Na Geisha, ambayo leo ni miongoni mwa kahawa ghali zaidi duniani, jina lake ni la msitu wa Gesha huko Ethiopia. Mbegu zake zilipita kituo cha utafiti cha Lyamungo, chini ya Kilimanjaro, zikaondoka huko mwaka 1953 kwenda Costa Rica, kisha Panama, na mwaka 2004 shamba moja la Panama likashinda nayo mashindano na dunia ikashangaa. Geisha kwa hiyo ni jina la mbegu lililozaliwa kuwa jina la mahali. Ukiipanda Panama inanukia asumini, ukiipanda bonde la joto haitanukia kitu.

AA nitakueleza kwa korosho. Unajua W180, W240 na W320: ni idadi ya punje zinazotosha ratili moja, kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo punje zilivyo kubwa. Hakuna anayedhani W180 ina ladha ya mahali fulani. AA ni hivyo hivyo. Kahawa ikishakobolewa inapita kwenye machekecheo, zinazobaki juu ya tundu la karibu milimita 7 zinaitwa AA, zinazofuata A, kisha B, kisha C. Punje kubwa hukaangika sawasawa na huuzwa vizuri, basi. Nimeonja AA zisizo na kitu na B zilizonifanya nirudie kijiko. Piberi, ambayo kwenye magunia huandikwa PB, ni tunda lililozaa punje moja ya mviringo badala ya mbili zilizokumbatiana. Hutokea kwenye kila mti wa kahawa, huchambuliwa na kuuzwa peke yake, na Wamarekani wamezoea kuhusisha piberi na Tanzania. Ukichambua mfuko wako wa Mbinga utazikuta chache. Weka pembeni umwonyeshe yule mgeni.

Na si kila ladha ya mahali ni ya kujivunia. Rwanda na Burundi, nchi za kahawa tamu sana, zina taabu ya punje zinazonuka kiazi kibichi. Inahusishwa na bakteria wanaoingia pale mdudu antestia anapotoboa tunda, na punje moja hivyo inaharibu birika zima. Ndiyo maana wanaochambua huko hawachoki kuchambua.

Utaniuliza, mbona sisi Mtwara na Lindi hatumo? Uwanda wa Makonde na Rondo haufiki hata mita 1,000, na arabika inataka baridi zaidi ya ile ya asubuhi ya Newala. Lakini kahawa ya pwani ipo, ya porini. Wataalamu wa mimea wanaiita Coffea zanguebariae, na Zanguebar ni namna Wazungu wa zamani walivyoandika jina la pwani yetu. Huota kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Ng'ambo ya Ruvuma, kwenye kisiwa cha Ibo, ambako watu wanasema Kimwani na ukiwasikiliza unaelewa nusu ya mazungumzo, wana kahawa yao ya miaka mingi, punje ndogo, si arabika wala robusta, na kafeini yake ni kidogo kwa asili. Hailipi kama korosho, na huku kwetu hakuna soko lake. Hata hivyo ningependa siku moja niikute imeandikwa jina lake kwenye mfuko.

Turudi kwenye kikaango chako. Ulitumia moto mmoja na muda mmoja kwa buni tatu. Ile ya Bukoba ilivumilia. Hizi mbili za mlimani ni ngumu, zimekaza, na moto mkali uliunguza ngozi kabla joto halijafika moyoni. Ukatwanga mkaa na ubichi pamoja: uchungu kutoka nje, uchachu kutoka ndani. Wazee walikuwa sahihi kuhusu walichokunywa. Hawajainywa Mbinga bado.

Fanya hivi. Punguza mkaa, utandaze, usubiri majivu meupe. Weka buni kidogo, safu isiyozidi punje mbili, na usiache kugeuza. Kwanza itanukia majani mabichi, kisha mkate. Baada ya dakika kumi hivi itaanza kulia kama bisi, tak, tak, huku maganda mepesi yakipeperuka. Sauti hiyo ikianza usikimbilie kuitoa, wala usiisahau. Endelea kama dakika mbili, toa ingali rangi ya mbao ya mninga, kavu, bila mafuta juu. Ipepee kwenye ungo ipoe haraka. Ukiiacha hadi ilie mara ya pili na kutoa mafuta, utakuwa umeifuta Mbinga, umeifuta Kilimanjaro, na hata ingekuwa Yirgacheffe ingefanana nazo, kwa sababu ladha ya moto ni moja nchi zote. Kisha vunja punje moja. Nje na ndani vikiwa rangi moja, umepata. Iache ilale usiku mmoja kabla ya kuitwanga.

Kwa dele la kawaida endelea na Bukoba, na ukitaka kulilainisha changanya sehemu mbili za Bukoba na moja ya Mbinga. Iliki na tangawizi ziweke humo, zinapatana na robusta. Mbinga peke yake usiichemshe. Mwagia maji ya moto, subiri dakika nne, chuja, mpe mtu palepale. Na maji yasiwe ya kisima chenye chumvi, yataua ule ukali wote. Muuza buni naye muulize mti gani, wilaya gani, imeoshwa au imekaushwa na ganda, na ni ya msimu upi. Asiyejua yote manne, usimlipe bei ya jina.

Buni mbichi ya Mbinga uliyonitumia imebaki kiganja kimoja. Nimemkabidhi kijana wa bodaboda anayekuja huko Ijumaa. Ikaange jioni hiyo, na Jumamosi wape wale wazee vikombe viwili viwili, kimoja cha Mbinga na kimoja cha Bukoba, bila sukari, bila kuwaambia kipi ni kipi, na wasinywe vikiwa vya moto sana. Zambarau huja kikombe kikianza kupoa.